Manowari Isiyo na Watu

Ujumbe ulifika saa tano usiku, stima ikiwa imepotea tangu saa moja na simu yangu ikibakisha asilimia tisa. Mteja hakuwa na maneno mengi. Meli imetoka vizuri sana, alisema. Mbao safi, kamba safi, mizinga safi. Ila kitu kimoja tu: wale wanawake walio juu ya ukuta wa ngome, waondoe. Weka askari wa Kireno. Tunataka usahihi wa kihistoria.

Nilisoma mara mbili, nikazima simu ili niokoe chaji, nikabaki gizani kwenye chumba changu hapa Homa Bay nikicheka peke yangu kama mtu aliyerogwa. Kwa sababu kama kuna kitu kwenye faili lile lote ambacho nilikuwa na uhakika nacho, ni wale wanawake. Misumari niliikisia. Rangi ya shetri niliikisia. Urefu wa mlingoti wa mbele niliukadiria kwa kulinganisha na meli nyingine, nikaomba Mungu. Wanawake sikuwakisia.

Makala hii ni jibu la ujumbe ule. Ni jibu pia kwa wenzangu wanaofanya kazi kama yangu, maana wao ndio walionikasirisha zaidi kuliko mteja.

Meli yenyewe inaitwa Santo António de Tanná. Tana hii si ule mto wetu. Ni mji wa India ambao leo unaandikwa Thane, karibu na Mumbai. Ilikuwa frigeti ya Wareno, manowari ya mizinga 42, iliyoundwa Bassein kwenye pwani ya magharibi ya India mwaka 1681, kwa mbao za msaji. Machi 1696 Waomani waliizingira Fort Jesus, Mombasa, na hawakuondoka hadi walipoitwaa tarehe 13 Desemba 1698. Hesabu miezi mwenyewe. Katikati ya mzingiro huo Wareno wa Goa walikuwa wakituma meli za msaada, na hii ilikuwa mojawapo. Ilikuja Desemba 1696, ikaenda zake, ikarudi Septemba 1697. Safari hiyo ya pili haikutoka tena. Oktoba, amari zake zilikatika, ikasukumwa hadi mwambani, ikapoteza usukani, na mwishowe ikazama pale pale chini ya ngome iliyokuja kuiokoa. Bado iko huko. Wachimbaji wa chini ya maji, wakiongozwa na Robin Piercy, walifanya kazi juu yake kuanzia 1977 hadi 1980 pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Vyombo vyake vingi viko ndani ya Fort Jesus, nyuma ya kioo. Umewahi kupita hapo na safari ya shule ukitafuta mahali pa kununua aiskrimu. Hata mimi.

Sasa, gemu ambayo mteja wangu anaitengeneza (jina nimesaini karatasi ya kutolitaja, kwa hiyo tuiite gemu) ina kipande kimoja ambapo mchezaji ni nahodha wa frigeti hiyo. Anaingia mlango wa Kilindini ama ule wa bandari ya zamani, anakwepa risasi za Waomani, anatia nanga mbele ya ngome, anateremsha askari na chakula. Kazi yangu ilikuwa meli, pamoja na sehemu ya ukuta inayoonekana kutoka kwenye sitaha. Nusu ya pesa kabla, nusu baada.

Nieleze kazi yenyewe kidogo, kwa sababu watu hudhani tunabonyeza kitufe kompyuta ikachora. Meli ya kale huundi kwa kuitazama picha. Ukitaka HMS Victory, ile ya Waingereza ya mwaka 1765, kuna michoro, na meli yenyewe imesimama Portsmouth mpaka leo. Ukitaka Vasa ya Uswidi, ilizama 1628, ikatolewa majini 1961 ikiwa karibu nzima, na unaweza kupata kipimo cha kila kitu hadi kijiko. Tana haina bahati hiyo. Kilichobaki ni sehemu ya chini ya meli iliyolala kwenye matope: mkuku, mataruma, mbao za ubavu. Wachimbaji waliipima, wakaichora, wakaifukia tena ili isioze. Unaanzia hapo, kwenye kipande cha tumbo la meli, unapanda juu ukibahatisha kwa akili. Ni kama kupewa mfupa wa paja uambiwe utaje sura ya mtu.

Kwa msaji nilitegemea picha za HMS Trincomalee, frigeti iliyoundwa Bombay 1817 ambayo bado inaelea Hartlepool, Uingereza. Ilinisaidia kujua jinsi mti ule unavyozeeka, unavyokuwa na kijivu cha samaki kwenye jua na wekundu kwenye kivuli. Lakini mkunjo wa ubavu ulinishinda. Nilikuwa nauona una kasoro na siwezi kusema kasoro iko wapi. Wiki mbili. Mbele kabisa, pale omo linapokutana na maji, meli yangu ilikuwa na shavu kama la mtoto aliyejaza chapati mdomoni.

Niliacha kompyuta, nikapanda matatu hadi Sori, Migori, kwenye ghuba ya Karungu. (Karungu nayo ina manowari zake: Septemba 1914 boti ya Wajerumani iitwayo Muansa na meli za mvuke za Waingereza zilifyatuliana risasi hapo. Sijaona gemu yake.) Pale ufuoni kuna mafundi wanaounda mashua za kuvulia omena na mbuta, na hawana karatasi yenye mchoro. Wana kamba, jicho, na mkuku wa mvule uliolazwa mchangani. Nilimkuta jaduong' mmoja amechuchumaa akipigilia pamba kati ya mbao. Nikamsalimu, nikakaa, nikasubiri amalize. Kisha nikafungua kompyuta nikamwonyesha.

Alitazama kimya muda mrefu. Akaweka kidole kwenye skrini, kidole kilichojaa lami, sikuthubutu kumwambia atoe.

"Nyathina, huu ubao wa tatu. Uliukunja na nini?"

"Kwa kompyuta, jaduong'."

"Mm. Kompyuta haijui kwamba ubao unakataa. Hapa ungepasuka. Aliyeunda meli hii aliuanzia huku nyuma, aje nao polepole."

Nilirudi Homa Bay usiku huo huo, nikausogeza ubao wa tatu nyuma karibu mita nzima, na shavu likapotea. Fundi wa Sori ambaye hajawahi kuona Bahari ya Hindi alisahihisha kazi ya seremala wa Bassein ambayo mimi nilikuwa nimeiharibu. Namtaja hapa kwa sababu kwenye orodha ya majina mwishoni mwa gemu hatakuwepo. Sitakuwepo pia mimi, lakini hiyo ni kesi ya siku nyingine.

Turudi kwa wanawake.

Frigeti inarudi Mombasa Septemba 1697. Inakuta nini ngomeni? Kwa mwezi baada ya mwezi maradhi yalikuwa yanawaua waliozingirwa kuliko mizinga ya Waomani. Tarehe 28 Agosti kamanda wa Kireno naye akafa. Ngome ikabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Hii si hadithi ya bibi yangu. Iko kwenye historia za kawaida za Fort Jesus, zile ambazo mtu yeyote anayejifanya anatafiti angezipata asubuhi moja. Jumlisha: watu 76. Wanawake ni karibu theluthi mbili. Hao ndio walioshikilia ngome maarufu kuliko zote katika pwani yetu hadi meli za msaada zikafika katikati ya Septemba. Idadi yao ilitufikia. Majina hayakutufikia.

Kwa hiyo nahodha wa gemu anapotia nanga na kuinua macho, anayemwona ukutani ni nani? Mteja anasema askari wa Kireno. Yupi? Amefufuka saa ngapi?

Ningemwelewa angesema ukweli. Kuna ukweli wa aina mbili ambao ningeukubali bila kelele. Wa kwanza ni pesa. Mtu ni ghali kuliko ubao. Ubao ukiuunda umemaliza. Mtu anataka kutembea, kupumua, nguo zake zipeperuke, na kila mwendo ni siku za kazi za mtu mwingine anayelipwa. Tayari wana askari wa Kireno waliowaunda kwa vipande vingine vya gemu. Kuwabandika pale ni bure. Wa pili ni woga wa soko: wanunuzi wetu wamezoea sura fulani kwenye kuta fulani. Sema hivyo, nitafuta wale wanawake kwa kidole kimoja, nitachukua pesa yangu, nitalipa kodi ya nyumba. Mimi si shujaa. Nina deni la duka.

Lakini hakusema pesa. Alisema usahihi. Na hapo ndipo neno lenyewe likawa mwizi. Mtu yule yule aliyenirudisha mara nne kwa sababu kapi za foromali zilikuwa na umbo la karne inayofuata, aliyenitumia barua ya kurasa mbili kuhusu unene wa kamba, alipofika kwa binadamu hakutaka hata kurasa mbili. Alijua tu. Usahihi kwake ni wa vitu. Watu anawajaza kwa mazoea, na mazoea hayo anayaita historia.

Na anayecheza gemu hatajua. Hapo ndipo shida ilipo, si kwenye hisia zangu. Mtoto wa Rongo ama wa Lisbon akiona kapi limekaa sawasawa, kamba imefungwa kwa fundo la kweli, msumari una kutu mahali pake, ataamini na yule askari. Usahihi wa kamba unaukopesha uongo wa ukutani. Mimi ndiye niliyefunga zile kamba. Nilikuwa natengeneza dhamana ya uongo, kwa saa, kwa bei ya chini kuliko ambayo mtu wa Ulaya angekubali.

Nilipowasimulia wenzangu, tulikuwa wanne kwenye kibanda cha chai Migori mjini, karibu na stendi. Wote tunaishi kwa kazi hizi: mmoja anaunda viti na makochi ya matangazo, mwingine nyumba, mwingine magari. Wote tulianza na Blender kwa sababu ni bure. Wawili tumeacha chuo. Mimi niliacha mwaka wa tatu, karo ilipokuwa hadithi ndefu kuliko masomo yenyewe.

Wa magari aliniambia, buda, toa wanawake, chukua pesa, wacha siasa. Ati siasa. Kumweka mtu aliyekuwepo ni siasa, kumweka maiti akiwa amesimama na bunduki ni sanaa. Nilimuuliza: ukiambiwa uunde gari la mwaka 1997 na uliwekee taa za mwaka huu, utakubali? Akasema hapana, watu watacheka. Basi taa ya gari ina heshima kuliko wanawake 50. Akanyamaza, akaagiza mandazi. Sijui kama alikubali ama alikuwa na njaa.

Wa nyumba alikuja na hoja nzuri zaidi. Alisema, na una uhakika gani kwamba walikuwa ukutani? Labda walikuwa wanapika. Sawa. Tuseme walikuwa wanapika. Mzingiro wa karibu miaka mitatu unashindwa ama kushinda kwa chakula na maji. Hata frigeti yenyewe ilitumwa kwa sababu hiyo. Watu wakiwa 76 ndani ya ngome kubwa kiasi kile, huwezi kuwaacha 50 jikoni, ukuta utalindwa na popo. Na tena, mbona swali hilo halikuulizwa kuhusu mizinga? Niliipanga mizinga 42 kila mmoja kwenye dirisha lake, na hakuna aliyeniuliza kama siku ile mmoja haukuwa umeteremshwa nchi kavu. Kitu cha chuma hupewa imani. Mwanamke hutakiwa alete shahidi.

Wa makochi, ambaye ndiye msomi kati yetu, alinishambulia kutoka upande mwingine kabisa. Kwa nini uko kwenye meli ya mkoloni hata? Unda mtepe. Unda jahazi. Wacha Wareno wazame na Wareno wao. Hii hoja naipenda, na nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, lakini nadhani inatupokonya mali. Msaji wa ile meli ni wa India. Iliundwa India, na walioichonga Wareno hawakuleta wote kutoka Lisbon. Meli za Wareno katika bahari hii zilitembea kwa mikono ya Wahindi na Waafrika, wengine mabaharia, wengine watumwa. Imelala kwenye matope yetu zaidi ya miaka 300. Ukisema ni yao, unampa Mreno kitu ambacho hata yeye hakukijenga peke yake, halafu unabaki na mtepe kama zawadi ya kukutuliza. Mtepe nitauunda, tena ule mshono wa kamba bila msumari hata mmoja unaniumiza kichwa kwa raha. Lakini sitauunda kama mtu aliyekimbia frigeti.

Na kuna jambo jingine ambalo wanaopenda historia safi hawalipendi. Bwana Daud alikuwa upande wa Wareno. Watu wengi wa pwani walikuwa upande wa Waomani, wamechoka na Wareno, na wana haki. Ndani ya ukuta kuna Waswahili, nje ya ukuta kuna Waswahili. Ukiwaweka wale wanawake 50 hupati picha ya kubandika kwenye fulana. Unapata swali: walikuwa wanamlinda nani, na walikuwa na hiari gani? Gemu ndiyo mahali pa swali kama hilo, kwa sababu mchezaji anaweza kushuka melini na kwenda kuuliza. Hili si jambo la kigeni hata kwa kampuni kubwa. Ubisoft walipotoa Black Flag mwaka 2013, walitoa na kipande cha Freedom Cry ambacho mchezaji ni Adéwalé, mtu aliyewahi kuwa mtumwa, na kazi yake ni kuwafungua wengine. Watu walinunua. Mbingu haikuanguka.

Mteja nilimjibu siku ya pili, stima iliporudi. Nilimtumia hesabu ya 76. Nilimwambia nitawaunda wale watu bila malipo ya ziada, naye apunguze mwendo wao hadi ule ambao kompyuta zake zinaweza kubeba. Hata wakisimama tu inatosha. Alijibu kwa adabu. Alisema amethamini shauku yangu. Shauku! Neno hilo ukiambiwa na mtu anayekulipa, ujue hulipwi. Nusu ya pili haikuja. Meli wanayo, kwa sababu nilikuwa nimeshaituma, na nasikia wamepata mtu mwingine wa kuweka askari. Sina wakili na sina nguvu ya kwenda mbali. Karatasi niliyosaini iliandikwa na upande mmoja.

Kwa hiyo nawaambia mnaofanya kazi hii Kisumu, Nairobi, Mombasa, popote mlipo na bando: faili la asili lisitoke mkononi kabla ya pesa. Hilo la kwanza. La pili, tuache kujiita mafundi tu, mikono ya kukodi. Fundi wa Sori ni fundi, na ndiye aliyekataa ubao wangu. Hakuniuliza nani ananilipa. Alisema hapa ungepasuka. Na la tatu ni la Makumbusho yetu: zile rekodi za mbao za Tana ni za thamani kuliko kioo kilichofunika vyombo vyake. Zikiwekwa wazi, vipimo na michoro, kijana wa Mvita aipakue bure, miaka mitano haitaisha kabla hatujaona mambo. Kwa sasa mwanafunzi wa Texas ana njia fupi ya kufika kwenye meli iliyozama Mombasa kuliko mimi.

Ukuta nilibaki nao, kwa sababu haukuwa kwenye faili nililowatumia mwisho. Naendelea nao usiku, kazi za makochi zikiisha. Nimefika mwanamke wa kumi na moja. Nyuso naziazima kwa wauza samaki wa soko la Homa Bay, wale wanaokubali; naomba kwanza, naonyesha ninachofanya, kisha napiga picha. Jana nilimwonyesha mama mmoja jinsi alivyotokea. Alijitazama amesimama juu ya ukuta wa matumbawe, bahari nyuma yake, frigeti ikiingia chini.

"Na hii meli inaniletea nini?"

"Chakula, mama. Na askari."

"Chakula nimekiona wapi? Umeniweka hapa mikono mitupu. Nitapokelea na nini, kanga?"

Alikuwa sahihi. Leo natengeneza makanda.